Pumzi, mgongo na usingizi: nilichokipata kwenye kuogelea (uzi mrefu)

Bandiko la 1 – mleta uzi

Habari wakuu. Uzi huu ni mrefu, atakayechoka apumzike njiani kisha aendelee.

Nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka 38. Sikuingia majini kwa ajili ya mchezo. Nilikuwa na maumivu ya kiuno yaliyokaribia miaka miwili, kazi yangu ni ya kukaa kutwa, na usingizi ulikuwa umenikimbia. Nalala saa tano, ikifika saa nane macho makavu hadi alfajiri. Daktari akasema misuli ya mgongo imelegea, nifanye mazoezi. Nikajaribu kukimbia, lakini kila mguu ulipogusa chini kiuno kilijibu. Niliporudi kwake akaniambia, basi jaribu maji.

Huu ni mwaka wa sita. Naogelea mara tatu kwa wiki, dakika 40 hivi kila mara. Naandika kwa sababu kuogelea kunazungumzwa ama kama mchezo wa watoto ama kama Olimpiki, na mtu mzima anayeumwa magoti au mwenye mawazo mengi hapati wa kumwambia kwamba na yeye mlango uko wazi.

Nianze na mwili.

Ukisimama kwenye maji yanayokufika kiunoni, miguu inabeba takriban nusu ya uzito wako. Yakikufika shingoni, kinachobaki ni kama sehemu moja ya kumi. Mtu wa kilo 90 anasimama juu ya magoti yake kama mtu wa kilo tisa. Kwa mwenye gegedu zilizolika, au aliyetoka kufanyiwa upasuaji, hii ni tofauti kati ya kufanya mazoezi na kutofanya kabisa. Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alipooza miguu mwaka 1921. Mwaka 1924 alianza kwenda kwenye chemchemi za maji ya uvuguvugu za Warm Springs, Georgia, na humo majini miguu ile iliyokataa nchi kavu iliweza kumsogeza. Hakupona, lakini alipata nafuu kiasi kwamba alifungua kituo cha tiba pale pale, na alipoingia Ikulu mwaka 1933 alijengewa bwawa ndani.

Halafu maji hayohayo yanayokubeba ndiyo yanayokupa kazi. Ni mazito kuliko hewa kwa karibu mara 800, kwa hiyo kila ukivuta mkono unavuta mzigo. Uzuri wa mzigo huu ni kwamba unajipima wenyewe: ukivuta kwa nguvu maji yanakataa kwa nguvu, ukivuta taratibu yanakuachia. Mgongo, mabega, tumbo, nyonga na mapaja, vyote viko kazini, na hakuna kishindo kinachorudi kwenye viungo.

Kuna jambo jingine lisilosemwa sana. Maji yanakubana kutoka pande zote, na kadiri unavyokwenda chini ndivyo yanavyobana zaidi. Ukiwa umesimama, miguu inabanwa kuliko kifua, hivyo damu iliyotuama miguuni inasukumwa juu. Mtu aliyezama hadi shingoni anapata takriban mililita 700 za damu ya ziada kifuani. Moyo unajaa vizuri, unasukuma damu nyingi kwa kila pigo, na mapigo yanapungua. Ndiyo sababu pia mkojo unabana ukikaa majini kidogo: mwili unaona kifua kimejaa, unadhani maji yamezidi, unaagiza figo ziyatoe. Nendeni chooni kabla ya kuingia, na mkibanwa mtoke. Harufu kali ya bwawa na macho mekundu havitokani na klorini peke yake. Vinatokana na klorini iliyokutana na jasho na mkojo wa watu.

Kuhusu shinikizo la damu, kuna utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ambao naupenda kwa sababu walioshiriki ni watu wa kawaida wenye zaidi ya miaka 50, shinikizo limepanda kidogo. Waliopewa programu ya kuogelea, baada ya wiki 12 namba yao ya juu ilishuka kutoka wastani wa 131 hadi 122. Ukimwonyesha daktari yeyote atakwambia hiyo si tofauti ndogo. Na mwaka 2016 ulitoka uchambuzi wa Waingereza 80,306 waliofuatiliwa kwa miaka. Waliokuwa wakiogelea walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 28, na kwa magonjwa ya moyo na mishipa pungufu kwa asilimia 41, wakilinganishwa na wasiofanya mchezo huo. Niseme wazi, utafiti wa kufuatilia watu hauthibitishi kwamba ni maji yaliyowaokoa. Huenda wanaoogelea wana mambo mengine mazuri maishani. Lakini ukiuweka pamoja na ule wa kwanza, picha inaeleweka.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Pumzi.

Nchi kavu hakuna anayekupangia lini upumue. Majini unapangiwa. Uso uko ndani, mdomo unatoka pale mkono unapozunguka, na nafasi ya kuvuta hewa haifiki hata sekunde moja. Wiki tatu za mwanzo nilikuwa nafika katikati ya bwawa nahema, nashika ukingo, moyo unakwenda mbio. Niliamini mapafu yangu ni mabovu. Mwalimu akanitazama siku moja, akaniuliza: "Uso ukiwa ndani, hewa unaifanyia nini?"

Nilikuwa naibana.

Akanieleza, na baadaye nikasoma mwenyewe nikakuta ni kweli. Kinachokusukuma kutamani pumzi kwa nguvu kwa sehemu kubwa ni kaboni dayoksaidi inayojikusanya mwilini, kabla hata oksijeni haijapungua vya kutisha. Ukiibana hewa, unabaki nayo. Ukitoa uso unataka kutoa na kuvuta kwa mara moja, nafasi haitoshi, unavuta nusu. Kaboni dayoksaidi inaongezeka, ubongo unapiga kengele, unaanza kutapatapa. Wengi tunadhani tunaogopa maji, kumbe tunaikimbia kengele hiyo. Dawa yake ni kuitoa pumzi polepole ndani ya maji, kwa pua na mdomo, bila kukatisha, ili uso ukigeuka kazi iliyobaki iwe kuvuta tu.

Nilijizoeza wiki nzima nimesimama kwenye kina kifupi. Uso ndani, mapovu, uso nje, vuta. Uso ndani, mapovu. Ndani ya wiki hiyo nikavuka bwawa bila kusimama.

Usiku mmoja nikaamka saa nane kama kawaida, mawazo ya kazi yamejaa kichwani. Nikajikuta nimelala huku nimebana pumzi, kifua kimekaza, kama yule mtu wa wiki ya kwanza katikati ya bwawa. Nikaitoa taratibu kama ninavyoitoa majini. Nikarudia. Sikumbuki nililala saa ngapi, nakumbuka tu kwamba kulikucha.

Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta kunaigusa neva ya vagasi, ile inayotoka kwenye ubongo hadi kwenye moyo na tumbo, na ndiyo breki ya moyo. Uso kugusa maji ya baridi nako kunaamsha breki hiyohiyo: mapigo yanashuka yenyewe. Kwa hiyo mtu anayeogelea taratibu kwa nusu saa anakuwa amefanya zoezi la kutuliza mwili mara mamia bila kulitaja. Mimi naamini hapa ndipo faida ya mwili na faida ya akili zinapokutana. Ongeza kwamba majini huna simu, husikii maneno ya watu, na ukianza kuwaza madeni unapoteza hesabu ya mikono na kumeza maji. Akili inalazimika kukaa pale mwili ulipo.

Mwaka wa pili nilifiwa na mama. Nchi kavu nilikuwa nimeshupaa, kila mtu ananitegemea, machozi hayaji. Siku ya nne nikaenda kuogelea kwa sababu tu ilikuwa siku yangu ya kuogelea. Katikati ya bwawa miwani ikaanza kujaa maji kutoka ndani. Nililia nikiwa naogelea, nakwenda na kurudi, na hakuna aliyenisimamisha kuniambia jikaze. Nilitoka nikiwa mwepesi kidogo. Sijui kama kuna utafiti wa jambo hilo na wala siuhitaji.

Karibuni wakuu. Wenye uzoefu, wenye maswali, na wenye kunipinga pia.

Bandiko la 2

Mkuu, uzi mzuri na umeandika kwa moyo. Ila naomba nikuongezee upande wa pili, maana niliogelea mashindano tangu nina miaka 11 hadi 23.

Kwanza mifupa. Mfupa unakuwa imara kwa kupigwa na uzito. Wewe umesifu kwamba maji yanakuondolea uzito, na hapohapo ndipo kuna upungufu: kuogelea peke yake hakujengi mifupa kama kutembea, kuruka au kubeba vitu vizito. Kwa kina mama waliokoma hedhi hili si la kupuuza.

Pili bega. Sisi wa mashindano tulikuwa tunazungusha mikono maelfu ya mara kwa wiki. Bega langu la kulia hadi leo linalalamika nikilala upande huo. Chanzo kikubwa ni mtindo mbovu: mkono unaingia majini ukivuka katikati ya kichwa, mwili haugeuki, bega linabeba kila kitu. Anayeanza ajifunze kuzungusha kiwiliwili mapema, na achanganye na kuogelea chali ili kifua kifunguke.

Tatu, kupungua uzito. Watu wanaingia majini wakitarajia miujiza. Kuogelea kunachoma nishati kweli, lakini maji ya baridi yanaamsha njaa kali ukitoka. Nimeona wengi wanakula zaidi ya walichochoma.

Bandiko la 3 – mleta uzi

Mkuu, nashukuru sana, na kwenye mifupa umenikamata sawasawa. Nilipaswa kuliandika mwenyewe. Mimi siku ambazo siogelei natembea kwa kasi na mara mbili kwa wiki nanyanyua vitu vizito. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Maji yanaweza kukupa zile dakika. Nchi kavu nayo ipewe haki yake.

Kwenye uzito nakubaliana nawe pia. Mimi nilipungua kidogo sana, ila mkanda uliingia ndani matundu mawili na mgongo ukanyooka.

Bandiko la 4

Jamani naomba msaada. Mwanangu ana miaka tisa na ana pumu. Mwalimu wake wa michezo anasema aogelee, bibi yake anasema maji yatamuua. Niko njia panda.

Bandiko la 5

Dada, mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nimefanya kazi na watoto wengi wenye pumu. Mwalimu yuko kwenye mstari, na hofu ya bibi pia ina msingi, kwa hiyo tusimbeze.

Hewa iliyo juu ya maji ina unyevu. Wengi wenye pumu kinachowabana wakikimbia ni hewa kavu na baridi inayokausha njia za hewa, ndiyo maana kuogelea huwa kunawakubali kuliko kukimbia. Mwaka 2013 ulitoka uchambuzi uliokusanya tafiti za watoto na vijana wenye pumu iliyodhibitiwa. Matokeo yalikuwa kwamba kuogelea hakukuwadhuru na uwezo wa mapafu na stamina vilipanda.

Kinachoweza kumletea shida ni bwawa la ndani lisilopitisha hewa. Ile mvuke inayotokana na klorini na uchafu wa watu inaelea juu kidogo ya maji, palepale pua ya mtoto ilipo. Ukiingia mlangoni ukakutana na harufu inayokuwasha macho, rudi naye nyumbani. Bwawa la wazi ni bora. Daktari wake athibitishe kwanza kwamba pumu imetulia, dawa ya kuvuta iwe ukingoni mwa bwawa na si kwenye begi huko chumba cha kubadilishia nguo, na mwalimu ajue ilipo. Siku akiwa anakohoa au anabanwa asiingie.

Na kwa wengine wanaosoma: mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa moyo au mwenye kidonda kibichi aongee na daktari kabla. Mjamzito ambaye mimba yake haina tatizo anaweza kuogelea vizuri tu, tena wengi mgongo unawapumzika, ila naye amwambie anayemhudumia kliniki.

Bandiko la 6

Asante sana kaka. Nitamsomea bibi yake hili bandiko leo jioni.

Bandiko la 7

Mkuu mleta uzi, habari yako ya miwani kujaa imenigusa. Mimi nimeambiwa nina sonona, natumia dawa mwezi wa tatu sasa. Je, nikianza kuogelea kwa bidii naweza kuacha dawa? Zinanichosha.

Bandiko la 8 – mleta uzi

Ndugu yangu, pole, na ahsante kwa kuliweka wazi, maana wapo wengi wanaolisoma swali lako kimyakimya.

Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Kama zinakuchosha, hilo ndilo la kumwambia aliyekuandikia, anaweza kupunguza kipimo au kukubadilishia. Ukikatisha ghafla unaweza kuumwa zaidi ya ulivyoanza.

Mwaka 2018 madaktari wa Uingereza walichapisha habari ya mwanamke wa miaka 24 aliyekuwa na sonona na wasiwasi tangu akiwa na miaka 17. Alianza kuogelea kwenye maji baridi ya wazi mara moja kwa wiki chini ya uangalizi, hali yake ikaimarika, dawa zikapunguzwa hadi zikaisha. Inatia moyo. Lakini ni mtu mmoja, na daktari alikuwa pembeni yake hatua kwa hatua. Hilo la daktari watu wakisimulia huwa wanaliruka.

Na upande wa pili mtazame Michael Phelps, mwogeleaji wa Marekani. Medali 28 za Olimpiki, 23 za dhahabu. Hakuna binadamu aliyepata medali nyingi za Olimpiki kama yeye. Tangu utotoni alikuwa na shida ya kutulia na kumakinika, na bwawa lilimsaidia kuipa nguvu ile pa kwenda. Bado sonona ilimkuta, akafika mwaka 2014 mahali pa kutotaka kuishi, na amelisema hadharani. Kilichomtoa ni kukubali kuongea na wataalamu. Kama maji peke yake yangetosha, yangemtosha yeye.

Kwa hiyo dawa endelea nazo, na kuogelea kuongeze. Siku mbaya, lengo liwe kufika na kuingia kwenye maji tu. Dakika kumi zinatosha. Mimi zipo siku nimekaa kwenye ngazi za bwawa maji yakiwa kifuani, sikuogelea hata mara moja, na sikuona kwamba nimepoteza muda. Ukijisikia kujidhuru, mwite mtu saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, kisha nenda hospitali. Na unaweza kuniandikia faragha wakati wowote.

Bandiko la 9

Wadau, kwenye pumzi nina njia nzuri. Sisi vijana tunashindana nani anakaa chini ya maji muda mrefu. Siri ni kuhema haraka haraka mara ishirini kabla ya kuzama, unakaa karibu mara mbili. Inapanua mapafu sana.

Bandiko la 10 – mleta uzi

Mdogo wangu, tafadhali acheni mchezo huo leo.

Rudi kwenye nilichoandika juu kuhusu kengele. Kinachokwambia "toka uvute hewa" ni kaboni dayoksaidi. Unapohema haraka haraka, oksijeni mwilini haiongezeki kwa maana yoyote, kwa sababu damu ilikuwa karibu imejaa tayari. Unachofanya ni kuitoa kaboni dayoksaidi, yaani umeikata waya ya kengele. Unazama, oksijeni inaisha kimyakimya, husikii haja ya kupumua, na unazimia. Huoni dalili yoyote kabla. Ukishazimia mwili unapumua wenyewe, na unapumua maji. Inawakuta waogeleaji hodari kwenye kina kifupi huku wenzao wakiwa palepale wakidhani jamaa anavunja rekodi.

Pumzi ya kuogelea ni ya kutoa na kuvuta. Mwambie kila uliyeshindana naye.

Bandiko la 11

Naunga mkono kwa herufi kubwa. Nilishawahi kumtoa mtu chini kwa sababu hiyohiyo. Alipona. Hadi leo sipendi kulisimulia.

Bandiko la 12

Wanangu, nimesoma uzi wote. Mimi nina miaka 58, magoti yote mawili yameisha, daktari ameniambia niogelee. Lakini nikiwa na miaka saba nilitaka kuzama mtoni, na tangu siku hiyo maji yakinipita magoti natetemeka. Je, mtu wa namna yangu anaweza kweli? Naomba jibu la ukweli, msinifurahishe.

Bandiko la 13 – mleta uzi

Mama, shikamoo.

Jibu la ukweli: unaweza kupata faida ya maji kabla hata hujajua kuogelea, na pengine hiyo ndiyo hatua yako ya kwanza. Kutembea ndani ya maji ya kifuani, mbele na nyuma, kwa dakika 20, ni mazoezi kamili kwa magoti yako. Maji yanabeba uzito, mapaja yanafanya kazi. Ukiishia hapo maisha yako yote, bado umeshinda.

Kuhusu hofu, usikubali mtu akusukume au akushike kwa nguvu akisema utazoea. Aliyewahi kuzama mwili wake unakumbuka, na ukilazimishwa kumbukumbu inakomaa. Tafuta mwalimu mwenye kusubiri, anayefundisha watu wazima, na umwambie habari ya mto kabla hujavua viatu. Chagua saa ambayo bwawa halina watu wengi. Maji yawe ya uvuguvugu, kwa sababu baridi peke yake inatosha kumfanya mtu ashtuke na kuvuta hewa bila kutaka, na mwenye hofu ataidhania ndiyo kuzama kwenyewe.

Mimi ningeanza hivi. Siku za mwanzo kaa kwenye ngazi, maji tumboni, hadi mabega yashuke yenyewe. Siku nyingine shika ukingo, chovya mdomo, toa mapovu. Kisha mdomo na pua. Kisha uso mzima huku umevaa miwani, uone sakafu iko palepale. Kila ukitoa uso, jikumbushe kwamba ni wewe uliyeamua kutoka. Mara ile mto ndio uliouchukua uamuzi huo, sasa unauchukua wewe.

Kuelea kuje baada ya hapo. Mwili wa binadamu ukiwa na hewa mapafuni ni mwepesi kidogo kuliko maji, na kwa kawaida wanawake huelea kirahisi kuliko wanaume. Lala chali, kichwa kiwe kimelala kabisa hadi masikio yazame. Kosa la kila mwenye hofu ni kuinua kichwa kutafuta miguu yake: kichwa kikiinuka, nyonga inashuka, mtu anakaa kama kwenye kiti na kwenda chini. Tumbo juu, macho yatazame juu, mwalimu aweke mkono chini ya mgongo na asiuondoe bila kukwambia. Hewa ivute ijae, iachie taratibu, ivute tena kabla haijaisha yote.

Usijiwekee tarehe.

Bandiko la 14

Marahaba mwanangu. Nimelinakili kwenye daftari.

Bandiko la 15

Naomba kuongezea kwa faida ya mama na wote. Faida kubwa kuliko zote ya kujua kuogelea ni kubaki hai. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto mdogo anazama bila kelele, haiti wala hapungi mkono kama tunavyodhani. Hata akiwa amefundishwa, awe umbali wa mkono wako. Na kwenu mnaopenda bahari: mkondo ukikuvuta kwenda kilindini usipambane nao uso kwa uso, elea, punga mkono kuita msaada, au ogelea sambamba na ufukwe hadi utoke kwenye njia yake.

Bandiko la 16

Mimi ni mlemavu wa macho, nasomewa uzi huu na programu ya simu. Niseme tu kwamba bwawa ni moja ya sehemu chache ninazokwenda kasi yangu yote bila fimbo na bila kushikwa mkono. Kuna kamba pembeni, naigusa kwa vidole, najua nilipo. Mwisho wa bwawa mtu ananigusa kichwani kwa kijiti chenye kitu laini ili nisigonge ukuta. Trischa Zorn wa Marekani, aliyezaliwa haoni, alipata medali zaidi ya 50 za Paralimpiki kati ya mwaka 1980 na 2004. Mimi sina hata moja, ila hisia ya kukata maji mbele yako bila kuhofia kugonga mtu sijaipata kwingine.

Bandiko la 17 – mleta uzi

Mkuu, nimesoma bandiko lako mara tatu. Ahsante.

Bandiko la 18 (wiki tisa baadaye)

Wanangu, ni mimi wa magoti. Wiki sita nimetembea tu majini, ngazi za nyumbani sasa napanda bila kushika ukuta. Wiki ya saba nikaanza mapovu. Jana nimeelea. Mwalimu aliniambia anaondoa mkono, nikamwambia ondoa. Nilihesabu hadi 14.

Bandiko la 19 – mleta uzi

Mama! Kumi na nne! Kichwa kilikuwa kimelala? Na pumzi ulikuwa unaifanyaje?

Bandiko la 20

Masikio yote mawili yalikuwa ndani, sikusikia kitu isipokuwa pumzi yangu mwenyewe. Nilikuwa naivuta, naiachia, naivuta tena. Kesho narudi.